Je, mayai tunayowapa watoto yamedungwa homoni?

Jumapili moja nyumbani kwa bibi, Kibosho, dada yangu aliandaa sahani ya mtoto wake wa miezi 11: ndizi zilizopondwa, mchuzi wa maharage na kipande cha parachichi. Asubuhi ile bibi alikuwa ameokota mayai manne ya kuku wake. Akachemsha moja, akalimenya na kulisogeza karibu na sahani ya mtoto. Dada akalirudisha kwenye bakuli taratibu.

"Samahani bibi, siku hizi simpi mayai. Yana homoni."

Bibi akamtazama. "Kuku wangu wanakula majani ya kihambani na makombo. Hiyo homoni wameipata wapi?"

"Ya kwako hayana shida, bibi. Ila kule Pasua tunanunua ya trei. Nikimzoesha huku, mjini nitampa nini?"

Baadaye, mtoto alipolala, dada alinionyesha kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ulikuwa unapanda vizuri hadi mwezi wa nane, kisha ukalala. Miezi miwili mtoto hakuongezeka. Alikuwa ameota meno, akaugua homa, na katika miezi hiyo hiyo mayai yalikuwa yameondolewa kwenye mlo wake. Nyama hapati kila siku, na maziwa ya ng'ombe yalimletea kuharisha.

Chanzo cha yote kilikuwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mwanamke asiyejitaja jina anasema mayai ya kisasa hudungwa sindano ya homoni kabla vifaranga hawajaanguliwa, ndiyo maana kuku wanakua kwa wiki tano. Anaongeza kuwa homoni hizo hujaza mafuta kwenye damu ya mlaji, na kwamba ndizo zinazofanya wasichana wavunje ungo wakiwa bado wadogo. Ujumbe umezunguka kwenye makundi ya wazazi, na huenda hata wewe umeupata.

"Mdogo wangu, hii ndiyo kazi yako," dada aliniambia. "Nitafutie ukweli."

Nikautafuta. Ujumbe ule una vipande vya kweli ndani yake, vilivyounganishwa vibaya. Tuvitenganishe kimoja kimoja.

Sindano kwenye yai ipo, lakini ni ya chanjo

Ni kweli kwamba katika viwanda vikubwa vya kutotolesha vifaranga duniani mayai huchomwa sindano. Kuku huanguliwa baada ya siku 21. Ikifika siku ya 18 hivi, mashine hutoboa tundu dogo sana kwenye upande butu wa yai na kuingiza chanjo. Teknolojia hii ilianza kutumika kibiashara Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Chanjo hiyo hasa ni ya mahepe, ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu na mabawa ya kuku na kumletea uvimbe. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907 na daktari wa mifugo wa Hungary, József Marek, na wataalamu wengi huuita kwa jina lake. Pale ambapo mashine hizo hazipo, kifaranga huchomwa chanjo hiyo shingoni siku anayoanguliwa.

Kwa hiyo mtu aliyeona video ya mayai au vifaranga wakichomwa sindano, hakudanganywa na macho yake. Alichokosea ni kilichomo ndani ya bomba la sindano.

Kuna jambo lingine ambalo ujumbe ule haukulisema. Yai linalochomwa chanjo limeshakaa kwenye joto siku 18, na ndani yake kuna kifaranga karibu kamili. Haliendi sokoni. Yai unalonunua kwa trei Mbuyuni au dukani kwa Mangi halijawahi kuingia kwenye mashine ya kutotolea. Mara nyingi limetagwa na kuku wa mayai asiyefugwa na jogoo, kwa hiyo hata ukilipa joto halitatoa kifaranga. Hakuna faida yoyote ya kulidunga. Tena ganda likitobolewa, vijidudu huingia na yai huharibika upesi.

Unaweza kukagua mwenyewe usiku huu. Zima taa, washa tochi ya simu, kisha weka yai juu yake. Mwanga utapita ndani na utaona ufa au tundu kama lipo.

Kifaranga anaishi kwa mafuta

Kipande cha pili cha ukweli ni kwamba wapo wanasayansi waliowahi kudunga homoni kwenye mayai. Wamefanya hivyo maabara kwa miaka mingi, na moja ya mambo wanayopima ni mafuta kwenye damu ya vifaranga. Ili kuelewa sababu, inabidi tuangalie yai lenyewe.

Yai ni chakula cha safari ya siku 21. Karibu theluthi moja ya kiini cha njano ni mafuta. Kifaranga anapojengeka ndani ya ganda, zaidi ya asilimia 90 ya nguvu anayotumia hutoka kwenye mafuta hayo. Sukari iliyomo ndani ya yai ni kidogo mno.

Kiini hakiishi chote. Muda mfupi kabla ya kuanguliwa, kifaranga huvuta mabaki ya kiini na kuyaingiza tumboni mwake. Ndiyo akiba yake ya siku mbili tatu za kwanza duniani. Kama umewahi kuona maboksi yenye matundu yakishushwa kwenye basi stendi ya Moshi, yakilia ndani, basi umewaona vifaranga wa siku moja waliosafiri bila kula. Wanaishi kwa kiini kile.

Kwa sababu hiyo, kifaranga mchanga huzaliwa na lehemu nyingi kwenye damu, ile ambayo hospitali huiita kolesteroli. Ini lake huwa la njano kwa mafuta. Si ugonjwa. Anapoanza kula punje na pumba, kiwango hicho hushuka katika wiki zinazofuata.

Sasa, anayeamua mafuta yachomwe lini, yahifadhiwe wapi na kwa kasi gani ni homoni. Homoni ni ujumbe wa kemikali ambao kiungo kimoja cha mwili hukitumia kingine kupitia damu. Sisi tunazo, kuku anazo, na hata mmea unazo za kwake. Yai pia lina homoni bila kudungwa na mtu yeyote. Mwaka 1993 mtafiti Hubert Schwabl alionyesha kwamba ndege mama, kwa majaribio yake ndege aina ya kanari, huweka testosteroni kwenye kiini kabla ya kutaga, na kiasi hicho huathiri namna makinda yanavyokua.

Hapo ndipo sindano ya maabara inapoingia. Mtafiti hudunga kiasi kidogo cha homoni kwenye kundi moja la mayai, na kundi la pili huchomwa maji ya chumvi matupu ili ulinganifu uwe wa haki. Vifaranga wakianguliwa hupimwa uzito, kisha huchotwa damu na kuangaliwa lehemu na mafuta mengine.

Mfano mmoja ni wa Slovakia, mwaka 2003. Watafiti walidunga leptini kwenye mayai ya kware wa Japani. Leptini ni homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, na iligunduliwa mwaka 1994 kwenye maabara ya Jeffrey Friedman jijini New York. Kware waliodungwa walianguliwa mapema kwa saa kadhaa na walikuwa na uzito mkubwa kuliko wenzao.

Majaribio ya aina hii hayatoi jibu moja. Matokeo hubadilika kufuatana na homoni iliyotumika, dozi na siku ya kudunga. Somo kubwa ni kwamba kinachotokea ndani ya yai kinaweza kuacha alama kwenye mwili wa kiumbe baada ya kuzaliwa. Madaktari wanalipenda somo hili kwa sababu linawahusu pia wajawazito na watoto wao. Lakini ni kazi ya maabara, kwa mayai machache, na vifaranga wale hawafiki kwenye sufuria ya mtu.

Uvumi huu una asili

Bibi aliniuliza swali zuri: kama ni uongo, mbona watu wote wanausema? Unasemwa kwa sababu zamani, mbali na hapa, uliwahi kuwa na ukweli.

Mwaka 1938 mwanasayansi wa Uingereza, Charles Dodds, alitengeneza dawa inayofanya kazi kama homoni ya kike. Kifupi chake ni DES. Wafugaji wa Marekani waligundua kwamba ukipachika kidonge cha DES chini ya ngozi ya shingo ya jogoo, ananenepa na nyama yake inalainika. Serikali yao iliruhusu matumizi hayo mwaka 1947.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California walipopima ndege waliopewa dawa hiyo, walikuta mafuta kwenye damu yamepanda mara nyingi zaidi ya kawaida, na mishipa mikubwa ya damu ikianza kujaa utando wa mafuta. Hilo halikuwa ajabu. Kuku jike anapokaribia kutaga, homoni yake mwenyewe huliamuru ini litengeneze mafuta ya kiini, na mafuta hayo husafiri kwa damu hadi kwenye mayai. DES ilimfanya jogoo awe na damu ya kuku anayetaga, wakati hana pa kuyaweka mafuta hayo.

Mwaka 1959 Marekani ilisimamisha DES kwa kuku. Mwaka 1971 madaktari wa Boston walitoa taarifa iliyotikisa dunia: baadhi ya mabinti ambao mama zao walipewa DES wakati wa ujauzito walikuwa wamepata saratani adimu ya uke. Tangu hapo neno homoni likiwekwa karibu na chakula, watu hushtuka, na wana haki ya kushtuka. Ila kuku wa leo hawakui haraka kwa ajili ya dawa ile.

Wiki tano bila homoni, inawezekanaje?

Siri ni mbegu. Kwa zaidi ya miaka 60 kampuni za kuku zimekuwa zikichagua wazazi wanaokua haraka kuliko wengine, kizazi baada ya kizazi. Ni kama mkulima wa Uru anayechagua chipukizi la mgomba uliobeba mkungu mkubwa, isipokuwa kuku hubadili kizazi kwa muda mfupi sana.

Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, kilifanya jaribio zuri kuhusu hili, likachapishwa mwaka 2014. Walikuwa wamehifadhi mbegu ya kuku ya mwaka 1957 na nyingine ya 1978. Wakawafuga pamoja na kuku wa nyama wa mwaka 2005, chakula kikiwa kilekile. Siku ya 56 kuku wa mbegu ya 1957 alikuwa na wastani wa gramu 905. Wa 1978 alikuwa na gramu 1,808. Wa 2005 alifika gramu 4,202. Tofauti iliyokuwapo ni ya damu ya ukoo wao.

Fikiria pia upande wa mfugaji. Homoni ya ukuaji ni protini, hivyo ukiichanganya kwenye pumba, tumbo la kuku litaimeng'enya kama linavyomeng'enya dagaa. Ili ifanye kazi ingebidi kila kuku achomwe sindano, tena mara kwa mara. Mfugaji wa Himo mwenye kuku 300 angepata wapi fedha na mikono ya kazi hiyo, na auze kuku kwa bei ileile ya soko?

Na tusisahau kwamba kuku wa nyama na kuku wa mayai ni mbegu mbili tofauti. Kuku wa mayai hanenepi kwa wiki tano. Huanza kutaga akiwa na miezi mitano hivi, na mwili wake ni mwembamba. Yai la trei halitoki kwa broila unayemkuta kwenye chipsi kuku.

Binti kukua mapema

Hofu hii ndiyo iliyowagusa zaidi wazazi niliozungumza nao. Matiti ya msichana huanza kuota kwa kawaida kati ya miaka 8 na 13. Yakianza kabla ya miaka 8, au dalili za kubalehe zikionekana kwa mvulana kabla ya miaka 9, mpeleke kwa daktari wa watoto, iwe KCMC, Mawenzi au hospitali iliyo karibu nawe. Usimpeleke kwa mwenye ujumbe wa sauti.

Jambo moja linalohusishwa na wasichana kuanza mapema ni unene. Hapa tunarudi kwa leptini. Mtoto mwenye mafuta mengi mwilini huzalisha leptini nyingi, na ubongo hupokea ujumbe kwamba akiba ya kutosha ipo, mwili unaweza kuanza kukomaa. Kwa hiyo ukitaka kulinda mwili wa binti yako, angalia soda, juisi za paketi, maandazi ya kila asubuhi, chipsi zilizokaangwa kwa mafuta yaliyorudiwa, na saa anazokaa mbele ya televisheni bila kukimbia. Yai la kuchemsha halimo kwenye orodha hiyo.

Lehemu ya yai je?

Yai moja lina takriban miligramu 200 za lehemu, zote kwenye kiini. Kwa muda mrefu wataalamu waliwaonya watu wote wapunguze mayai. Mwaka 2015 miongozo ya lishe ya Marekani iliondoa kikomo cha miligramu 300 kwa siku, kwa sababu kwa watu wengi lehemu ya damu hupandishwa zaidi na mafuta yaliyoganda, kama ya nyama nono, siagi na mawese, kuliko lehemu iliyo kwenye chakula. Mtu mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo, au ukoo wenye lehemu nyingi ya kurithi, azungumze na daktari wake kuhusu idadi ya mayai.

Mtoto mdogo yuko kwenye hali tofauti. Ubongo wake unajengwa kwa mafuta. Yai humpa protini ya gramu 6 hivi, pamoja na vitamini A, B12 na kolini, kirutubisho muhimu kwa ubongo ambacho ugali, ndizi na uji haviwezi kukileta kwa kiasi hicho.

Hili si jambo dogo kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa wenye migomba na maziwa kama Kilimanjaro unaweza kuonekana umeshiba, lakini mtoto anaweza kujaa ndizi tumboni na bado akakosa vya kujengea mwili.

Nchini Ecuador, watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha udumavu ulipungua kwa asilimia 47 ukilinganisha na watoto ambao hawakupewa. Jaribio kama hilo Malawi, lililochapishwa mwaka 2019, halikupata matokeo hayo kwenye urefu wa watoto. Yai peke yake halimalizi udumavu. Ila Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wale vyakula vitokanavyo na wanyama kila siku, na yai ni mojawapo. Kwa familia nyingi za Moshi, yai moja bado ni rahisi kuliko robo kilo ya nyama.

Wasiwasi unaostahili

Nimeshasema uvumi wa homoni hauna mguu wa kusimamia. Lakini sitaki uende sokoni ukiwa na imani ya upofu, kwa sababu lipo tatizo halisi ambalo kelele za homoni zinalifunika: mabaki ya dawa.

Kuku akiugua, mfugaji humpa dawa za kuua bakteria, kama oksitetrasaiklini, kwenye maji ya kunywa. Kila dawa ina siku zake za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti. Ndani ya siku hizo nyama na mayai hayatakiwi kuuzwa, kwa kuwa dawa bado inatoka mwilini. Mfugaji mwenye trei 20 ndani na ada ya shule mezani hushawishika kuuza.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, uliochapishwa mwaka 2010, ulipima mayai ya wafugaji wadogo mjini Morogoro na kukuta mabaki ya dawa hizo. Dozi ndogo ndogo za namna hiyo haziui mtu leo. Zinafundisha bakteria kuzoea dawa, hadi siku mtoto anapougua kweli na dawa inakataa kufanya kazi.

Nchini Uganda, mwaka 2023, Mamlaka ya Dawa ya nchi hiyo iliwaeleza wabunge kwamba dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zimekuwa zikitumiwa na baadhi ya wafugaji wa nguruwe na kuku. Hilo lilitokea kwa jirani zetu, tena kwa dawa zinazotolewa bure kwa wagonjwa. Hapo ndipo macho yetu yanapotakiwa kuwa.

Mzazi afanye nini

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama pekee. Akitimiza miezi sita na kuanza kula, anza na kipande kidogo cha yai lililoiva, kisha ongeza. Akipata vipele, uvimbe wa midomo au kutapika muda mfupi baada ya kula, acha na umwone daktari, kwa sababu baadhi ya watoto wana mzio wa yai.

Yai la mtoto liive hadi kiini kigande. Yai bichi au lililoiva nusu linaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na hili linahusu la kienyeji sawasawa na la kisasa. Ukilichemsha, liponde kwenye mtori au uji mzito. Si lazima likaangwe.

Usichague kwa rangi ya kiini. Njano kali hutokana na majani na vyakula vyenye rangi ambavyo kuku amekula. Kuku anayelishwa mahindi meupe, kama mengi ya kwetu, hutaga kiini kilichopauka, na bado yai lina protini yake. La kienyeji ni tamu kwa wengi, lakini kama bei imekushinda, la trei litamjenga mtoto.

Nunua yai lenye ganda zima na safi. Ukilitumbukiza kwenye maji likaelea, limekaa sana, liache. Jenga uhusiano na muuzaji au mfugaji mmoja, na umuulize: kuku wako walipewa dawa lini mara ya mwisho, na umesubiri siku ngapi? Mfugaji mzuri hataona aibu kujibu. Nawe mfugaji unayesoma ukurasa huu, chanjo ya mdondo kwa wakati na banda kavu vitakuokolea gharama ya dawa nyingi.

Nilimwandikia dada haya yote kwa ufupi. Siku ile ile alimpa mtoto nusu ya yai kwenye mtori. Mwezi uliofuata mstari kwenye kadi ulipanda kidogo. Hatudai ni yai pekee lililofanya kazi hiyo: homa ilikuwa imepona, na dada ameongeza mlo wa saa kumi jioni.

Kisha akaenda kwa muuzaji wake wa mayai pale Pasua na kuuliza lile swali la dawa. Kijana alinyamaza kidogo, akasema hajawahi kuulizwa hivyo. Akatoa simu na kumpigia mfugaji wake palepale, mbele ya wateja wengine wawili waliosimama kusikiliza jibu.